Kiambaza cha Naumbu na mkutano wa Berlin

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, bado nina hasira. Nimelipa euro 180 kuingia siku moja kwenye mkutano wa ujenzi usiochafua hewa hapa Berlin, na mnajua hela hiyo inanunua bati ngapi. Asubuhi mtaalamu mmoja akatuonyesha picha ya nyumba ya miti na udongo, kama za kwetu Naumbu, akaiita makazi duni. Mchana mwenzake akapanda kuusifia ukuta wa udongo kuwa ndio ujenzi wa kesho. Udongo uleule!

Huyo wa mchana alisema kweli. Saruji inatoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na binadamu, na kosa si la moto peke yake. Jiwe la chokaa linalotengenezea saruji likipikwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450, lenyewe linaachia hewa hiyo, hata ukichochea kwa umeme wa jua. Udongo haupikwi. Hapa Berlin kuna kanisa dogo, Kapelle der Versöhnung, la mwaka 2000, kuta zake ni udongo ulioshindiliwa. Na zile nyumba zao za kale za mji wa Quedlinburg, katikati ya mbao ni fito na udongo uliochanganywa na majani makavu. Kiambaza kabisa! Watu wanaishi humo na wanaringa.

Nikaomba kipaza sauti. Nikawaeleza alivyofanya bibi: udongo wa kichuguu na nyasi, unakanyagwa kwa miguu mpaka unashika, unalazwa. Kesho yake mmoja anasimama ndani, mwingine nje, wanapiga matonge kwa pamoja mpaka yanakutana kwenye fito. Fundi mmoja mzee wa Kijerumani akanifuata na daftari, akataka kujua tonge linakuwa kubwa kiasi gani. Heshima ile hatuwapi mafundi wetu wa kukandika.

Maana na sisi, korosho zikilipa tu, nyumba ya udongo inabomolewa, linapandishwa tofali la simenti na bati bila dari, mchana ndani hakukaliki. Simenti ina kazi yake, sikatai, na tangu kiwanda cha Dangote kifunguliwe 2015 iko mlangoni kwetu. Lakini adui wa kiambaza ni maji na mchwa. Inua msingi wa mawe, refusha upenu, siliba kwa chokaa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umesimama karne na karne kwa mawe na chokaa.

Vijana mnaoniuliza njia ya kuja: huku ukijifunza ufundi unalipwa posho, ila Kijerumani kwanza. Na kabla hujapanda ndege, kaa na fundi wa kukandika msimu mzima. Mkono unaojua kazi utakutetea kuliko cheti.

Mjomba, ukisoma hapa: nyumba ya bibi msiiguse. Hela ya mawe ya kuzungushia chini naituma mwisho wa mwezi, fundi aanze kabla ya mvua.