Siku tuliyomdanganya mzee darasani

Hii ilikuwa 2019, mimi nimehamia Dodoma na wizara ule wakati serikali inahama toka Dar, familia imebaki Mbagala kwanza watoto wamalize shule, sasa jioni ukishuka kwenye basi la Mtumba huna cha kufanya ni kukaa gheto unaangalia dari. Ndio nikajiunga na digrii ya watu wazima. Sisi wengine tulikua tunaijua Chuo Kikuu Huria tu, kile cha 1992, kwamba ukitaka kusoma na kazi yako unaenda kule, kumbe na vyuo vingine vina utaratibu wa jioni na Jumamosi. Hii ya kwetu ilikua masomo mseto, yaani unachagua mwenyewe, unachanganya falsafa, historia, fasihi, alafu unakua na eneo moja la kuzamia, mimi nikazamia sayansi za tabia. Saikolojia, sosholojia, na anthropolojia kidogo. Wenzangu ofisini walicheka sana, wanasema sasa hiyo itakupandisha daraja gani.

Darasa lenyewe lilikua na kila aina ya mtu. Kuna nesi, kuna afande wa polisi, kuna dada anauza vitenge soko la Majengo, na kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu, Mgogo wa Mvumi, ambae kila akiingia anaanza na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, kwa sauti hata kama dokta anaetufundisha yuko katikati ya sentensi. Dokta mwenyewe kijana tu, angeweza kuwa mwanae, na kila siku anampa shikamoo yake kabla ya kuwasha projekta.

Sasa Jumamosi hiyo dokta akatuita baadhi yetu tuje mapema, akatuambia leo tunarudia jaribio la Solomon Asch, yule mwanasaikolojia wa Marekani wa miaka ya 1950. Lenyewe ni jepesi mpaka unaona kama utani. Kadi moja ina mstari mmoja, kadi ya pili ina mistari mitatu A, B na C, unaulizwa upi unalingana na ule wa kwanza. Mtoto wa chekechea anapata. Ila watu wote chumbani wameshapangwa waseme jibu la uongo isipokua mmoja, na huyo mmoja anajibu mwishoni. Mmoja wa kwetu akachaguliwa mzee.

Kiukweli roho iliniuma. Unamwambia mtu shikamoo mwalimu, anakuitikia marahaba, alafu dakika kumi baadae unamdanganya mchana kweupe! Ila nikasema ngoja tuone.

Mstari unaolingana ni B, unaonekana hata ukisimama mlangoni. Nesi akasema C. Afande C. Mimi C, sauti ikanikwama kidogo. Ikazunguka mpaka kwa mzee, akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "C." Kadi nyingine hivyo hivyo. Ya tatu akawa hataki hata kutaja herufi, akasema hiyo hiyo waliyosema wenzangu.

Dokta akafichua. Sisi tukidhani atakasirika, wala, akacheka, akasema mimi B niliiona tangu mwanzo, lakini watu wazima na akili zao wamesema C, niinuke niwaambie hamuoni? "Mtu mzima mwenzio akikosea kwenye kikao humuumbui, unamvuta pembeni baadae."

Hapo darasa likawaka. Dokta akasema hata Asch alipowahoji wale vijana wake baada ya jaribio, wengi walijua kabisa kwamba jibu sio, walikwenda na kundi tu wasionekane wa ajabu, na karibu robo tatu yao waliteleza angalau mara moja. Nesi akadaka, mzee samahani, sisi wodini daktari akikosea dozi ukisubiri kumvuta pembeni mgonjwa keshaondoka. Mzee akamjibu hapa hamna mgonjwa mama, hapa kuna mistari. Na mimi mpaka leo naona alikua na pointi ambayo vitabu vinairuka, maana ule mstari haumgharimu mtu kitu, kwanini ugombane na watu kumi kwa ajili ya mstari? Ila nikawaza pia vikao vyetu vya ofisini, mkubwa akimaliza tu kila mtu anawasha maiki "naunga mkono hoja" kama tuko mjengoni, na pale sio mistari, pale ni bajeti.

Katikati ya kelele akaingia dada wa vitenge, kachelewa kama kawaida, mzigo wake ulikua umeshuka asubuhi. Dokta akatukonyeza. Kadi zikarudi, safari hii mzee yuko upande wetu, na niwaambie ukweli alidanganya vizuri kuliko sisi wote, kakunja uso kabisa, "C, bila shaka." Dada akaangalia kadi, akatuangalia sisi, akasema nyie mna nini leo? Akamgeukia mzee, akapiga goti kidogo, "Shikamoo babu. Ila hiyo ni B. Mimi napima vitenge kwa macho kila siku, hiyo C imezidi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Dokta akaanza kufunga mada kwa mambo ya maadili ya utafiti, kwamba siku hizi ukitaka kumdanganya mshiriki lazima kamati ya maadili ipitishe kwanza, na ukimaliza umweleze kila kitu. Mzee akanyoosha mkono. Akasema kwetu mzee akidanganywa na vijana kuna faini, kamati ya maadili ndio mimi hapa, na mimi sijapitisha, soda kwa watu wote. Dokta akajaribu kujitetea eti bajeti ya kozi haina soda, afande akasema naunga mkono hoja ya mzee, ikapita bila kupingwa, dada wa vitenge akatumwa kantini maana ndio aliechelewa.