Nafasi moja huru katika kila meli

Katika EVE Online, mchezo wa anga za juu ulioanza mwaka 2003, sehemu kubwa ya pambano huamuliwa meli ikiwa bado kituoni. Karibu kila meli ina nafasi za kufungia vifaa: nafasi za juu ambazo kwa kawaida hubeba mizinga na makombora, nafasi za kati, nafasi za chini, na rigi chache, yaani marekebisho yanayofungwa kwenye bodi yenyewe. Juu ya hayo kuna vikomo viwili, umeme na sipiyu (nguvu ya kompyuta ya meli), ambavyo kila moduli, yaani kifaa kinachofungwa, huvitumia kwa kiasi chake. Mimi huipenda kazi hii ya kuunda meli pengine kuliko vita vyenyewe, na ndiyo maana ningependa kuiona ikilegezwa.

Wiki hii nilikuwa nikiunda kruza, meli ya ukubwa wa kati, inayojilinda kwa deraya. Mabamba ya deraya hukaa nafasi za chini, na moduli za kuongeza makali ya mizinga nazo hukaa hukohuko, hivyo kila bamba ninaloongeza hunipunguzia shambulio. Kwenye nafasi za kati niliweka moduli ya kuongeza mwendo, ya kumzuia adui asitoroke na ya kumpunguzia kasi. Moja ikabaki tupu. Umeme ulikuwepo na sipiyu ilikuwepo, lakini moduli niliyoihitaji haikuruhusiwa kukaa hapo. Anayetegemea ngao hana mvutano huo, kwa kuwa ngao yake hutumia nafasi za kati na za chini humbakia kwa ajili ya mizinga, ingawa naye hulipia kwa kukosa nafasi za kumzuia adui.

Pendekezo langu ni kila meli ipewe nafasi moja huru, inayokubali moduli ya kati au ya chini kwa uamuzi wa mwenye meli, na moduli itakayowekwa hapo itumie sipiyu zaidi ya kawaida ili uhuru huo uwe na gharama.

Suala la rigi ni zito zaidi. Kwa meli nyingi, rigi ikishafungwa haitoki ila kwa kuharibiwa, na matokeo yake mchezaji huogopa kujaribu: huiga muundo uliokwisha kusifiwa na wengine, kwa sababu kukosea kutamgharimu. Mfano wa njia nyingine umo ndani ya mchezo wenyewe. Kruza za kimkakati, yaani Tengu, Loki, Legion na Proteus, zilizoingia mwaka 2009, huundwa kwa vipande vinavyobadilishwa. Mwaka 2017 aina za vipande hivyo zilipunguzwa kutoka 5 hadi 4, kila aina ikiwa na machaguo 3, ambayo yanatoa mipangilio 81 kwa kila meli. Wakati huohuo rigi zake zikaruhusiwa kutolewa bila kuharibika. Machaguo yalipungua, lakini kwa maoni yangu ndipo meli hizo zilipokuwa huru kweli, kwani mchezaji aliweza kubadili nia. Ningetaka meli zote zipate ruhusa hiyo, kwa malipo ya kuitoa rigi na kituoni pekee.

Hoja ya wanaopinga naiheshimu. Kamanda anayeona meli za adui zikitokea huhitaji kukisia haraka zimebeba nini, na ustadi huo wa kuisoma meli kwa umbo lake ni sehemu tamu ya mchezo. Kwa hiyo nisingegusa ziada ambazo kila aina ya meli hupata kwenye silaha au ulinzi wake. Hizo ndizo huipa meli tabia inayotambulika, na nafasi moja huru haitoshi kuifuta.

Ningeanza na frigeti, meli ndogo ambazo ni za bei rahisi na hupotea kila siku, kwenye seva ya majaribio ya Singularity, nione kama wachezaji watazijaza nafasi hizo kwa moduli tofauti au wote watakimbilia ileile moja.