Rungwe haupo

Darasa la tatu nililokabidhiwa Januari 2018, pale Tukuyu, karibu na Mlima Rungwe, lilikuwa na watoto 84. Ni wale walioanza la kwanza mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza na wazazi wakaleta hata watoto waliokuwa wanasubirishwa nyumbani. Kusoma walijua. Kuandika nako walijua, ikiwa ni kunakili ubaoni. Nikisema "andika sentensi yako mwenyewe", nilikusanya madaftari 84 ya "Mama anapika. Baba analima." Wengine hawakujua pa kuishia: mama anapika na baba analima na mimi naenda shule na, hadi mstari wa mwisho wa ukurasa.

Nilikuwa nimesoma kuhusu haiku, shairi fupi la Wajapani: mistari mitatu, mizani tano, saba, tano. Jumla 17. Nilipopiga hesabu hiyo nilishangaa, maana mshororo mmoja tu wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kwa nane. Yaani haiku nzima inauzidi mshororo wetu kwa mzani mmoja! Mtoto wa miaka tisa anaubeba mzigo huo bila kuchoka. Na kupigia silabi makofi wameshazoea tangu la kwanza: ba-ba, ma-ma, ka-la-mu.

Mwalimu mwenzangu aliuliza, vina viko wapi? Havimo. Nilimweleza kwamba ninachotaka kwanza ni mtoto aone kitu kwa macho yake, akitaje, kisha aseme kinafanya nini. Hiyo ndiyo sentensi. Vina vitamkuta mbele ya safari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Aprili, masika yamekolea. Niliwaambia wasitazame ubao, watazame dirishani. Nikawasimulia chura wa Bashō, mshairi wa haiku wa Kijapani, aliyeruka kwenye bwawa la zamani mwaka 1686 na mpaka leo watu wanausikia mlio wa maji yale. Chura tu. Wakacheka sana, halafu wakainama kuandika.

Kijana mmoja akasimama kusoma:

Jani la mgomba
limekuwa mwavuli
bibi halowi

Tukapiga makofi. Mstari wa kwanza ukagawa darasa. Nusu walihesabu tano, nusu sita. Ugomvi ulikuwa juu ya ile m. Nikawaambia m ya mgomba inapata kofi lake, kama m ya mtu na mtoto. Hata Wajapani huihesabu n ya mwisho wa neno peke yake. Basi ni sita. Akataka kubadili aandike "jani la ndizi". Jirani yake akamkatalia palepale: ndizi ina ganda, jani ni la mgomba. Nikamwachia sita zake. Sikuwa tayari kumfundisha mtoto wa Rungwe kuuita mgomba jina lisilo lake ili hesabu ikae sawa.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikaa binti ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akisoma kwa sauti. Nyumbani kwao walizungumza Kinyakyusa, na Kiswahili cha daftarini kilimtia hofu. Siku hiyo alikuja mwenyewe mezani.

"Mwalimu, langu limezidi."

Alikuwa ameandika "ukungu umeukula". Tukapiga makofi pamoja, taratibu. Nane. Nilikuwa nimelisahihisha kosa hilo kwa wino mwekundu mara zisizo na idadi, darasa zima, na lilirudi kila wiki. Nikajizuia kusema. Akasimama anahesabu vidole, midomo ikicheza, akajaribu kutoa hiki na kile. Kisha akachukua ufutio, akaifuta ku. U-me-u-la. Akanitazama, naye akajua.

Rungwe haupo
ukungu umeula
na baba yumo

Nikageuka dirishani. Kweli, mlima wa karibu mita 2,960 haukuwepo. Palikuwa na weupe mtupu kuanzia migomba ya uwanjani kwenda juu. Nikamuuliza baba yumo vipi. Akasema ametoka alfajiri kwenda kwenye viazi, huko huko miguuni mwa mlima.

Nilimwomba alisome mbele ya wenzake. Alisoma kwa sauti ndogo, na watoto 83 wakanyamaza kumsikiliza. Mimi nilijifanya napanga chaki, kwa sababu macho yalikuwa yameshajaa.

Karibu na saa sita ukungu ukaachia. Mlima ukatokea wote, umelowa na kijani kibichi, na darasa likakimbilia dirishani. Yeye akaja tena, daftari mkononi, uso umebadilika.

"Mwalimu, sasa shairi langu limekuwa la uongo? Nilifute?"

Nikamwambia asifute hata herufi. Aandike tarehe juu yake.

Akaketi, akaandika kwa makini: Jumanne, tarehe 17 Aprili 2018. Akafikiri kidogo, akaongeza: saa tatu asubuhi.