Mwali unaojibana wenyewe

Tangu juzi mawazo yangu yamenasa kwenye elektroni zinazosafiri kwa fungu moja, karibu na kasi ya mwanga. Zote zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Lakini chaji ikisafiri ni mkondo wa umeme, na mkondo huzungukwa na uga wa sumaku unaozivuta elektroni hizohizo zikusanyike. Kwenye ombwe, msukumano na mvuto huo karibu vinafutana kabisa. Yaani uwezo wa kujibana umo ndani ya mwali wenyewe (yaani fungu hilo la elektroni) muda wote, ila hauonekani.

Mwaka 1987 Pisin Chen, wa maabara ya SLAC huko California, alipendekeza uwezo huo ufunguliwe kwa plazma, gesi ambayo atomi zake zimevunjwa zikawa ioni na elektroni huru. Mwali wa elektroni ukiingia humo, elektroni nyepesi za plazma husukumwa kando. Ioni ni nzito, zinabaki zilipo, na chaji yao chanya inaumeza msukumano. Mvuto wa sumaku unabaki bila mpinzani. Nimelisoma hili mara nyingi na bado linanisisimua, kwa sababu hakuna aliyeuongezea mwali nguvu mpya.

Haja ya kubana ni kubwa. Katika mashine za kugonganisha chembe, mafungu mawili yakikutana, chembe nyingi mno hupishana bila kugusana, ndiyo maana usanifu wa ILC, mashine iliyopendekezwa ya kugonganisha elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya), unataka mwali wenye kimo cha nanomita 6 hivi mahali pa mgongano. Kazi hiyo hufanywa na sumaku za ncha nne, ambazo zikibana wima zinatanua ulalo, basi lazima zipangwe kwa kupokezana. Zile zilizo karibu na migongano ya LHC, mashine kubwa ya kugonganisha protoni huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, zina mteremko wa uga (kasi ya uga kuongezeka kadiri unavyotoka katikati) wa tesla 200 hivi kwa mita, nazo hupozwa hadi kelvini 1.9, karibu na baridi ya mwisho kabisa. Plazma yenye elektroni 10¹⁷ kwa sentimita ya ujazo hubana kwa kiasi kinacholingana na tesla milioni 3 kwa mita, tena pande zote kwa pamoja!

SLAC walionyesha mwaka 2001 kwamba hata positroni zenye nishati ya GeV 28.5 (elektroni-volti bilioni 28.5) hubanwa na plazma. Positroni ni ngumu zaidi: huzivuta elektroni za plazma ndani badala ya kuzifukuza, na mbano hauwi sawasawa. Kisha kuna vumbi la migongano isiyotakiwa, maana chembe zitagonga ioni za lenzi, yaani plazma inayobana, na vipimaji vitajaa kelele. Kwa hilo mimi naona plazma itapata kazi mapema zaidi mbali na kitovu cha mgongano.

Ipo pia njia nyingine: kupitisha umeme kwenye gesi ili uga wake ubane mwali. Panofsky na Baker walifanya hivyo Berkeley mwaka 1950, kwa protoni za MeV 350 (elektroni-volti milioni 350). Tatizo la njia hii lilikuwa ubora wa mwali, yaani chembe zake kusafiri kwa mpangilio bila kutawanyika. Mwaka 2018, huko CERN, gesi ya heliamu iliuvuruga mwali kwa sababu umeme ulijazana katikati ya mrija, penye joto zaidi. Walipoweka argoni, ambayo ioni zake nzito hupokea joto la elektroni polepole, mwali ulitoka umebanwa na ubora wake ukabaki vilevile.