Upepo wa Kasulu

Kigoma walikuwa wananiita Dada Kripsi. Ujiji ukiniulizia kwa jina nililopewa na baba, mtu anakuna kichwa. Ukisema yule wa kripsi, mtoto anakushika mkono na kukuleta mpaka mlangoni. Nilikuwa na tisheti nne za njano zenye nembo kifuani, kofia mbili, na mkoba wa vibandiko vya kubandika kwenye milango ya maduka. Mama yangu, ambaye ameuza mawese maisha yake yote, alitundika picha yangu nikiwa na sare pale sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi yake. Baba alilalamika. Picha haikushuka.

Kampuni siitaji. Ni kubwa, pakiti zake utazikuta hata kwenye vijiji ambavyo dawa ya kichwa lazima uifuate kwa baiskeli.

Kabla ya kuanza kazi walitupeleka kiwandani Dar es Salaam siku tatu. Viazi vinaingia upande mmoja na udongo wake. Vinamenywa kwa kusuguliwa ndani ya pipa linalozunguka, vinakatwa vyembamba kama sarafu, vinaoshwa wanga utoke, halafu vinapita kwenye mafuta ya moto wa nyuzi kama 180 kwa dakika chache tu. Akina dada waliovaa kofia za wavu wanasimama pembeni wakiokota vilivyoungua. Mwisho kabisa, pakiti ikiwa bado mdomo wazi, mashine inapuliza naitrojeni ndani yake kisha inaifunga. Mkufunzi alisisitiza hapo. Ile hewa si ujanja wa kujaza pakiti, alisema. Inafukuza oksijeni ili mafuta yasiharibike, na inazuia kripsi zisisagike njiani. Niliandika kwenye daftari, maana nilijua nikirudi Kigoma kila mtu ataniambia tunauza upepo. Na kweli, waliniambia.

Niliuliza mafuta yanatoka wapi. Akasema ni ya mawese, yaliyosafishwa, yanakuja kwa meli kutoka Malesia. Nikacheka peke yangu. Sketi zangu za shule zilikuwa na madoa ya mawese mpaka darasa la saba. "Ya kwenu mekundu," mkufunzi akaniambia, "kripsi itatoka kama tofali." Basi mawese yanavuka Bahari ya Hindi, yanakaanga viazi Dar, na viazi vinasafiri zaidi ya kilometa 1,200 kuja kuuzwa na binti wa muuza mawese.

Kazi yenyewe ilikuwa miguu na hesabu. Asubuhi unapita dukani unapanga pakiti zako mbele ya za wenzako, unapiga picha, unaituma kwenye kundi la WhatsApp ili supavaiza aliyeko Tabora aone kwamba umeamka. Mshahara ulikuwa mdogo. Kilicholeta nyama nyumbani ni kamisheni, na kamisheni ilikuja ukifikisha tageti. Tageti ilipangwa na watu ambao nadhani Kigoma waliiona kwenye ramani tu, pale mwisho wa reli. Mwezi ukikaribia kufunga, mzigo ulikuwa unaletwa kwa wakala wetu wa Mwanga hata kama hakuagiza. Ukishaingia ghalani kwake, huko juu wanahesabu umeuzwa. Kuutoa ghalani ni shida yake na yangu.

Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, karibu mwezi mzima. Ujiji mchana maduka yanasinzia. Jioni watu wanatafuta tende, tambi, maharage ya nazi, magimbi. Hakuna anayefuturu kwa kripsi. Nilimweleza supavaiza hilo mapema, nikamwandikia hata kwa maandishi. Tageti haikupungua hata katoni moja. Badala yake tarehe 24 zikashuka katoni 200 kwa wakala, na nilipozigeuza nyuma, pale penye vile vidoti vyeusi vya tarehe, nikasoma: mwisho wa kutumika 10/08/2016. Wiki saba. Mzigo wa kawaida ulikuwa unatufikia ukiwa na miezi minne.

Nilimpigia supavaiza simu. Akasema, "Huo ndio utoke kwanza. Peleka Kasulu, Kasulu kuna midomo. Mwezi unafunga Alhamisi."

Kuhusu midomo hakukosea. Tangu 2015 Warundi walipoanza kumiminika kambi ya Nyarugusu, wakiwakuta Wakongo waliokuwepo tangu 1996, mji wa Kasulu ulikuwa umefurika magari ya mashirika, wafanyakazi wageni, na biashara za kila aina. Ila nilikasirika kuisikia ile sauti, ya mtu anayehesabu wakimbizi kama wateja. Nilikasirika, na Jumanne alfajiri nikapakia katoni 60 kwenye Canter.

Dereva alikuwa mzee wa Kiha, mtaratibu, mwenye tabia ya kuongea na gari lake kwenye milima. Kutoka Kigoma mpaka Kasulu ni karibu kilometa 90, na wakati ule sehemu kubwa ilikuwa vumbi na mitambo ya watengeneza barabara. Ziwa letu liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko juu zaidi ya mita 1,200. Kupanda huko masikio yanaziba, yanazibuka. Mzee alikunywa maji nusu chupa tulipokuwa bado Mwandiga, akaifunga, akaitupa kwenye dashibodi. "Samahani binti, najua umefunga," akasema. Nikamwambia anywe tu.

Duka la kwanza walichukua katoni mbili. La pili wakakataa. La tatu ndilo hili ninalotaka kulisimulia.

Lilikuwa la mama mmoja mnene wa makamo, mwenye kitenge kilichofungwa juu kifuani na miwani iliyoshikizwa kwa uzi mweusi. Nikamwamkia kwa Kiha changu cha kuokoteza, "Mwakeye, mama," kisha nikamalizia kwa shikamoo maana Kiha kingeniishia. Akaitikia zote. Nikafungua katoni juu ya kaunta.

Pakiti zilikuwa zimevimba. Kigoma nilizipakia zikiwa za kawaida, zimejaa kiasi. Pale zilikuwa zimekaza kama ngoma iliyoanikwa juani, pembe zimesimama. Ukigonga kwa kidole inalia.

Mama aliivua miwani, akaisukuma pakiti kwa kucha. "Mwanangu, hizi zimeoza."

"Hazijaoza, mama."

"Kopo la samaki likivimba tunalifanyaje? Tunalitupa. Na hizi zimevimba." Akaniangalia. "Haya, onja wewe kwanza. Nikuone unakula."

Nilikuwa na saumu. Nikamwambia, na mwenyewe nikasikia inavyosikika: muuzaji anayekataa kuonja bidhaa yake kwa sababu ya dini. Wateja wawili waliokuwa pale wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo anajua alichobeba." Nikaanza kueleza naitrojeni. Sijui kama umewahi kueleza naitrojeni kwa mtu anayeshika pakiti anayodhani imeoza. Nilijua kwa nini imewekwa. Kwa nini imevimba, kusema kweli, sikujua. Hilo hawakutufundisha. Dar iko pwani.

Mzee dereva ndiye aliyeniokoa. Alirudi garini, akaja na ile chupa yake. "Mama, hii nimeifunga Mwandiga. Sijaigusa. Sikiliza." Akaisogeza karibu na sikio lake, akalegeza kifuniko. Ikatoa mlio mwembamba, tsss.

Mama akarudisha kichwa nyuma.

"Huko chini kwa ziwani hewa ni nzito, inaibana chupa," mzee akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Huku juu hewa ni nyepesi, haibani. Hewa ya ndani inapata nafasi, inatanuka. Nikinywea huku nikafunga, nikifika Kigoma chupa imebonyea yenyewe, kama mtu kaikalia. Kila safari naiona. Na hizo pakiti zimefungwa Dar, chini kabisa baharini. Zimevimbishwa na mlima, si uozo." Kisha akachana pakiti moja, akala mbele yake, kimoja kimoja, akitafuna kwa sauti. Akampa mama. Mama akala. Zilikuwa nzuri. Hata mimi niliyekuwa na njaa nilisikia harufu yake na ilikuwa nzuri.

"Basi ni upepo wa Kasulu," mama akasema, na akacheka mpaka miwani ikayumba kwenye uzi wake. Akamwita jirani aje asikie chupa. Mzee ikabidi aifunge tena na kuilegeza, ingawa safari hii haikulia.

Alichukua katoni 12. Kwa duka lile ni nyingi mno. Alihesabu 120,000 kutoka kwenye kopo la maziwa, noti za elfu mbili mbili na moja moja, na kwa kila katoni niliyomshushia alinitania kuhusu saumu yangu.

Hakugeuza pakiti nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikijua nyuma kuna nini, na nikamsaidia kuzitundika mlangoni kwa kamba, nembo ikitazama barabara. Juani. Kiwandani tulifundishwa kabisa kwamba jua na joto vinaharakisha mafuta kuharibika.

Alhamisi tageti ikafika asilimia 101. Kwenye kundi la WhatsApp nikapigiwa makofi ya vidole vya njano. Idi nilimnunulia mama yangu gauni.

Wiki ya tatu ya Agosti yule mama wa Kasulu akapiga simu. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyonitisha. Aliuliza hali, akauliza wazazi, akaniuliza kama saumu ilikubaliwa. Kisha akasema amebakiwa na katoni saba na mtoto wa jirani amerudisha pakiti, na mjukuu wake amemsomea tarehe.

Nilimpigia supavaiza. Akanijibu kitu ambacho nilikuwa nimewajibu wateja mimi mwenyewe zaidi ya mara moja: mzigo ukishatoka ghala la wakala ni wa mteja. Nikamwuliza vipi kama ulitoka ukiwa na wiki sita. Akasema ana kikao.

Nilitoa 70,000 kwenye akiba yangu. Jumamosi nikapanda haisi kwenda Kasulu, nimevaa gauni na mtandio, tisheti ya njano nimeiacha nyumbani. Sikujua kama atanitambua bila sare. Alinitambua nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Akanipa kigoda, akanipa chai, na nikaweka fedha juu ya kaunta. Alizihesabu bila haraka, akazitia kwenye lile kopo la maziwa.

Kisha akafungua kamba mlangoni akashusha pakiti moja. Rangi yake upande wa barabara ilikuwa imepauka kwa jua, nembo imekuwa ya waridi. Bado ilikuwa imevimba vilevile, imekaza. Akaiweka mbele yangu karibu na kikombe.

"Leo hujafunga," akasema.

"Sijafunga, mama."

"Onja basi, mwanangu."

Niliichana. Harufu ilitoka kabla sijaingiza mkono, ya mafuta yaliyosahaulika kwenye kikaango, na chini yake kitu kama rangi ya kupaka mlango. Kipande cha kwanza kilikuwa bado kinavunjika vizuri mdomoni. Ladha ilichelewa kidogo, halafu ikakaa kwenye koo. Mama alikuwa amevaa miwani yake akinitazama, si kwa hasira, kama vile alivyomtazama mzee na chupa yake. Nikala zote.