Mfuko wa nailoni

Siku ya kwanza nilipoitwa kumtafsiria wakili wa haki za raia nilivaa koti na tai. Nilidhani tunakwenda mahakamani. Kumbe tunakwenda jikoni kwa mama mmoja wa Kibembe kutoka Kongo, ghorofa ya tatu, hapa hapa Pennsylvania. Wakili alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mama akaninong'oneza, "Huyu ana adabu." Hiyo sikuitafsiri.

Wakili ni rika la shangazi zangu. Wamarekani wote ofisini wanamwita jina lake kavu, mimi limenishinda. Namwita Mama Wakili mpaka leo.

Shauri lilikuwa la kijana wa miaka 16, mzaliwa wa Nyarugusu, kambi ile ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, niliyokulia na mimi. Mwaka mzima alikaa kiti cha nyuma, anafundishwa historia ya Marekani kwa Kiingereza asichokijua, na ripoti ikaandika kwamba ni mtulivu, hana tatizo lolote. Mtulivu! Nyumbani akitazama mpira, jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio. Kisha ikaja barua ya kumhamishia shule ya waliobaki nyuma kimasomo, na mama akaisaini. Aliyemsomea ni binti yake wa miaka tisa, aliyedhani ni ruhusa ya kwenda kutembelea makumbusho.

"Barua ilifika lini?" wakili akauliza.

Mama akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nailoni. Mliokaa kambini mnaujua mfuko huo. Ukipoteza kadi ya mgao umelala njaa. Ukipoteza fomu ya UNHCR umeanza kusubiri upya. Hata Marekani hakuiacha tabia hiyo. Kila barua ya shule ilikuwa ndani ya bahasha yake, muhuri wa posta juu, pamoja na ratiba za chakula cha mchana asizoweza kuzisoma. Tulihesabu barua 43. Ya Kiswahili haikuwemo hata moja.

Saa tatu nzima mimi nasoma, wakili anaandika tarehe kwenye karatasi ya manjano. Hotuba hakuna. Malalamiko ya ubaguzi yanapaswa kufika ofisi ya haki za raia ya Wizara ya Elimu ndani ya siku 180 tangu jambo litendeke, na kwa muhuri wa bahasha ile, sisi tulikuwa siku ya 161.

Mama akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo moyoni: sisi wageni, tunadai nini kwa watu waliotupokea? Wakili akamsimulia habari za San Francisco. Watoto wa Kichina kama 1,800 hawakuwa wakipata msaada wowote wa Kiingereza. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa pamoja, ikakataa hoja kwamba vitabu vile vile na walimu wale wale vinatosha kuitwa usawa, maana mtoto asiyeelewa lugha ni kama amefungiwa nje. Walitumia sheria ya 1964, inayokataza shule yenye fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Akaongeza la karibu zaidi: Lancaster, jimbo hili hili, 2016. Vijana wakimbizi, Wakongo wakiwemo, walipelekwa shule ya pembeni, wanasheria wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, wakashtaki, jaji akaamuru wapokelewe shule kuu yenye programu ya wageni wa lugha. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikakubaliana naye.

Mimi nilikwama kwenye neno moja tu. Kumbukumbu za kikao cha shule zilisema mama amekubali kila kitu. Nikamuuliza, ulijibu nini? "Nilisema sawa." Ikabidi nimfafanulie Mama Wakili kwamba sawa yetu ni nimesikia, ni haya basi, ni usinigombeze mbele za watu. Mara nyingine, kwa bahati, ni nakubali. Akaniomba nirudie polepole, akaiandika nayo.

Malalamiko tuliyapeleka siku ya 170. Shule ikaomba kikao kabla hayajafika mbali, safari hii nikiwa nimekaa kando ya mama. Mkuu alipomaliza maelezo marefu akamtazama, akingoja. Mama akanigeukia: "Mwambie nimemsikia. Sawa sijasema."

Kijana alirudi shule yake Januari, na saa mbili za Kiingereza kila siku. Na barua sasa zinakuja kwa Kiswahili, cha kompyuta. Juzi mama alinipigia simu: ameandikiwa kwamba ubao wa shule utakutana Jumanne saa moja jioni.

"Mwanangu, kwani ubao nao unakaaga kikao?"

Nikamwambia ni bodi, Mama. Akacheka sana, kisha nikasikia mfuko wa nailoni ukichakarika.