Kompyuta ya sebuleni imenyamaza: kumbukumbu ya kupambana na joto ndani ya kabati

Jana usiku nilitazama filamu ya saa mbili na dakika kumi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuisikia feni ya kompyuta hata mara moja. Nimelililia jambo hili tangu kaskazi ilipoanza kuvuma, kwa hiyo naandika sasa, kabla sijasahau ni lipi lililosaidia na ni lipi lililonipotezea muda.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya kutazamia filamu: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-8400 ya wati 65, ubao mama mdogo wa aina ya Mini-ITX, kipoza-joto cha Noctua NH-L9i chenye kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake, na mfumo endeshi wa LibreELEC unaoendesha Kodi, programu ya kuchezea filamu. Yote hayo yamo ndani ya kasha jembamba, nalo kasha limo ndani ya kabati la televisheni lenye mlango wa kioo mbele na plaibodi nyuma. Sebule yetu iko Dar es Salaam na haina kiyoyozi. Mwezi wa Februari, saa mbili za usiku, kipimajoto cha ukutani husoma nyuzi 31. Naitaja namba hiyo kwa makusudi, kwa sababu majaribio mengi tunayoyasoma hufanyiwa katika vyumba vyenye nyuzi 21 au 22, na hakuna kipoza-joto cha feni kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokifikia. Prosesa inayosoma nyuzi 60 katika vyumba hivyo, kwangu husoma 70 hata kabla kabati halijaongeza la kwake.

Wala joto lenyewe silo lililonikosesha raha. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 100, nami sijapata kuiona ikipita 84. Kilichonikera ni feni iliyokuwa ikipanda na kushuka, sekunde nane juu, sekunde kumi na tano chini, tena na tena, kuanzia kama dakika ya arobaini ya kila filamu. Mke wangu ndiye aliyelipatia tatizo hili jina lake: "Baba, mashine yako imeanza kukoroma tena." Mtu wa pwani anaweza kuuliza kwa nini nisumbuke na feni ndogo kiasi hicho ilhali pangaboi linazunguka juu ya vichwa vyetu usiku kucha, na kelele zake ni kubwa zaidi. Jibu ni kwamba pangaboi halibadiliki. Sikio hulizoea baada ya dakika mbili na kulisahau, lakini sauti inayopanda na kushuka hulivuta upya kila mara, hata ikiwa ndogo. Nilichelewa sana kulielewa hilo, na wiki za mwanzo nilizitumia kupunguza ukubwa wa kelele badala ya kuondoa mabadiliko yake.

Nilianza, kama wengi wetu, kwa kubadilisha pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza-joto. Niliinunua ya bei mbaya, nikapata nafuu ya nyuzi mbili, na sitarudia. Mradi pesti ya zamani haijakauka, tofauti kati ya ya kawaida na ya kifahari haistahili safari ya Kariakoo. Baadaye niligundua kwamba baadhi ya mikoromo mikali zaidi ilitokea ninapocheza mafaili ya AV1, namna mojawapo ya kubana video. Sehemu ya picha ya prosesa hii hufungua HEVC ya biti 10, namna nyingine ya kubana video, bila jasho, lakini haina vifaa vya kufungua AV1, kwa hiyo kazi yote huangukia viini vya prosesa. Mafaili hayo nimeyabadilisha kuwa HEVC kwa kutumia kompyuta nyingine, nikazima pia uchotaji wa vijipicha katika Kodi, ambao ulikuwa ukiishtua prosesa kila nilipopitia orodha ya filamu. Mikoromo mikali ikaisha. Ule wa dakika ya arobaini ukabaki palepale.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nina multimeta yenye waya wa kihisi cha joto, nikaibandika ncha ya waya kwenye mdomo wa feni ya prosesa, pale inapovutia hewa, juu ya kifuniko cha kasha. Chumba kilikuwa na nyuzi 31. Mdomo wa feni ulisoma 44. Kwa maneno mengine, kipoza-joto nilichokuwa nikikilaumu kilikuwa kikifanya kazi yake vizuri kabisa, ila kililishwa hewa ya tanuri. Nilipofungua mlango wa kioo, mkoromo uliisha baada ya robo saa. (Wanaotumia bunduki za kupimia joto kwa mwanga wajihadhari: zikielekezwa kwenye alumini inayong'aa husoma chini mno. Bandikeni kwanza kipande cha utepe mweusi, kisha mpime juu ya utepe.)

Nikatoboa plaibodi ya nyuma, nikafunga feni ya milimita 80 iliyochomekwa kwenye volti 5 badala ya 12 ili izunguke taratibu na kutoa hewa nje. Nilijipongeza kabla ya wakati. Mdomo wa feni ya prosesa ulishuka kutoka 44 hadi 42, basi. Nilikaa siku nne nikiamini kwamba feni hiyo ni dhaifu, nikaenda kununua kubwa zaidi, nikaifunga, nikapata 41. Nakiri kwamba usiku huo nilikaribia kuirudisha mashine nzima ofisini na kuridhika na kisimbuzi.

Ukweli niliufumbuliwa na kijiti cha udi. Niliwasha kimoja, nikakipitisha polepole pande zote za kabati huku mwana akinimulikia kwa tochi ya simu, na kwa mara ya kwanza nikaiona hewa niliyokuwa nikiikisia. Feni ya nyuma haikuwa ikitoa hewa ya kabati hata kidogo. Ilikuwa ikivuta hewa ya nje kupitia tundu la nyaya lililo sentimita kumi pembeni yake na kuirudisha nje moja kwa moja, kama mtu anayehamisha maji kutoka ndoo moja kwenda ndoo ileile. Wakati huohuo, hewa ya moto iliyotoka ubavuni mwa kasha ilipanda, ikagonga rafu ya juu, ikajikunja na kushuka juu ya kifuniko, ambako feni ya prosesa iliimeza tena. Joto lilikuwa likizunguka mahali pamoja, na kila mzunguko uliliongeza kidogo. Ndiyo sababu tatizo lilisubiri hadi dakika ya arobaini.

Baada ya kuliona hilo, marekebisho yalichukua Jumamosi moja. Tundu la nyaya nililiziba kwa sponji. Nilikata mlango wa hewa katika sakafu ya kabati, ambalo kwa bahati linasimama juu ya miguu mirefu, nikaacha feni ya nyuma juu, ili hewa ya baridi ipande kutoka chini na ya moto isiwe na njia nyingine ya kutokea. Kati ya ubavu wa kasha na kifuniko chake nilisimamisha kiambaza cha plaibodi kinachoielekeza hewa ya moto nyuma. Mwisho, kulikuwa na nafasi ya milimita 12 kati ya feni ya prosesa na kifuniko, ambayo iliiruhusu feni kuvuta hewa iliyokwisha kupata moto ndani ya kasha lenyewe. Nafasi hiyo nimeizungushia pete niliyoikata kwenye kandambili ya bafuni, na hakuna sponji ya dukani iliyonitosheleza kama mpira ule: unakatika vizuri kwa wembe, unabana, na haumwagi vumbi.

Pete ilileta mluzi, kwa kuwa sasa feni ilivuta hewa yote kupitia vitundu vidogo vya kifuniko. Nilikata duara zima la bati hilo na kuweka kinga ya waya badala yake, na mluzi ukatoweka.

Mdomo wa feni sasa unasoma 34, na prosesa hukaa kwenye 61 wakati wa filamu. Hapo tu ndipo jedwali la mwendo wa feni katika BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) lilipopata maana: feni nimeilaza kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika hadi prosesa ifike nyuzi 68, kisha ipande kwa mteremko mpole, na nimeipa sekunde kadhaa za kusubiri kabla ya kuitikia. Pia nimeibana prosesa kwenye wati 35, jambo ambalo Kodi haikuling'amua. Zamani feni ilicheza kati ya 1,500 na 2,200. Kelele za feni hukua takribani kwa kipeo cha tano cha mwendo wake, kwa hiyo kupunguza mizunguko kwa nusu hushusha kama desibeli 15, ilhali hewa inayopita hupungua kwa nusu tu. Programu za simu za kupima desibeli haziwezi kuthibitisha hili sebuleni kwangu, kwa sababu maikrofoni ya simu ina kelele zake yenyewe. Hutumika tu kulinganisha kabla na baada, simu ikiwa mahali palepale.

Feni iliponyamaza, nikaanza kusikia mngurumo mzito uliokuwa umejificha nyuma yake. Diski ya kuhifadhia filamu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na plaibodi ya rafu iliitikia sauti hiyo kama ngozi ya ngoma. Kandambili ya mguu wa pili imekwenda huko, vipande vinne chini ya diski, na mngurumo umepungua kwa kiasi kikubwa ingawa haujaisha.

Mpango ulikuwa wiki hii nitengeneze chujio la vumbi kwa soksi nyembamba za kike, maana hewa ya sakafuni inaingia na kila kitu. Lakini nilipokuwa nimelala chini nikipima mlango wa hewa, niligundua kwamba nyuma ya kabati, upande wa pili wa ukuta, ni stoo. Ukuta ni wa tofali la inchi sita. Waya wa HDMI wa mita tatu unatosha, pamoja na waya mmoja wa USB kwa ajili ya kipokezi cha rimoti, na mashine nzima, diski na yote, ingeweza kunguruma huko peke yake karibu na gunia la mchele. Chujio litasubiri. Kesho nakwenda kuazima drili, na mke wangu bado sijamwambia.